Je, Wajua? Saa 24 za Mshukiwa wa Ugaidi

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 ina haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa na sheria yoyote, hata nchi ikiwa hatarini? Ziko kwenye Kifungu cha 25: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na kufikishwa mbele ya jaji ili serikali ieleze kwa nini imekuzuia. Walioiandika Katiba hiyo walikuwa wamekwisha kuliona bomu la 1998, na walikuwa wamekwisha kusikia ya vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House, Nairobi. Waliyakumbuka yote mawili.

Je, wajua idadi ya waliouawa na mabomu kwenye balozi za Marekani Ijumaa ile, tarehe 7 Agosti 1998? Nairobi 213, Dar es Salaam 11. Ukifika kwenye bustani ya kumbukumbu pale ulipokuwa ubalozi wa Marekani, pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie, utakuta ukuta wa majina. Soma machache kwa sauti ya chini. Wengi walikuwa Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Kila ninapoandika kuhusu haki za washukiwa naanzia kwenye ukuta huo, maana wenye majina yale wanadaiwa kitu kimoja: apatikane mhalifu mwenyewe, wala asifungwe mwingine kwa niaba yake.

Je, wajua kwamba watu wanne walihukumiwa kwa mabomu hayo katika mahakama ya kiraia ya New York mwaka 2001, wakiwa na mawakili, mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na wote wakapewa kifungo cha maisha? Hakuna aliyehitaji kufichwa kisiwani ili kesi iendelee.

Mmoja wa hao wanne alikuwa Mtanzania, Khalfan Khamis Mohamed. Alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akakabidhiwa Wamarekani upesi upesi bila Afrika Kusini kudai ahadi kwamba hatanyongwa. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema makabidhiano hayo yalikuwa kinyume cha sheria, na ikaagiza hukumu yake ipelekwe New York, kesi ikiwa bado inaendelea. Hiyo ilikuwa nchi iliyofuta adhabu ya kifo miaka michache tu nyuma, na haikukubali mtu auawe kupitia mlango wake wa nyuma. Khalfan alikutwa na hatia. Hakunyongwa. Sijui mfano bora zaidi wa nchi kukataa kuacha msimamo wake kwa sababu mtu aliye mbele yake anachukiwa na wote.

Je, wajua mateso yanaweza kuiharibu kesi? Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa gizani na CIA, shirika la kijasusi la Marekani, kisha akapelekwa gereza la jeshi la Marekani la Guantánamo, kisiwani Kuba. Alipofikishwa New York, Jaji Lewis Kaplan alizuia shahidi muhimu wa upande wa mashtaka asisikilizwe, kwa kuwa jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumlazimisha Ghailani aseme. Mashtaka yalikuwa zaidi ya 280. Novemba 2010 alikutwa na hatia kwa shtaka moja tu. Hilo moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha. Lakini hebu fikiri: familia za watu 224 zilisubiri miaka 12, na ushahidi ukatupwa kwa sababu ya mikono ya waliomhoji.

Na je, wale walioteswa au kufungwa bila kushtakiwa kwa lolote?

Je, wajua kwamba mvuvi mmoja wa Kitanzania alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akasafirishwa hadi gereza la siri la CIA nchini Afghanistan? Gereza lile lilikuwa giza totoro usiku na mchana, muziki ukipigwa kwa nguvu bila kukoma. Alizuiliwa miaka mitano. Hakushtakiwa kwa lolote. Mwaka 2008 aliachiliwa akiwa na karatasi iliyosema kwamba hakuonekana kuwa tishio kwa majeshi ya Marekani. Karatasi moja, kwa miaka mitano! Mwaka 2015 yeye na wenzake waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile za kuhoji, na Agosti 2017, muda mfupi kabla ya kesi kusikilizwa, wanasaikolojia hao wakakubali kumaliza shauri kwa makubaliano. Ilikuwa mara ya kwanza kesi ya namna hiyo kufika mbali kiasi hicho.

Je, wajua kwamba Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 alikaa Guantánamo hadi Desemba 2024? Zaidi ya miaka 17. Hakufunguliwa shtaka hata moja. Mtoto aliyezaliwa mwaka aliokamatwa alikuwa karibu kupata kitambulisho.

Je, wajua kwamba jumla ya wanaume waliowahi kuzuiliwa Guantánamo ni takriban 780?

Je, wajua kwamba mataifa ya dunia hayajawahi kukubaliana maana moja ya neno "ugaidi"? Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 28 Septemba 2001, liliitaka kila nchi iutangaze ugaidi kuwa kosa, lakini halikusema ugaidi ni nini. Kila serikali ikajitungia maana yake. Nelson Mandela mwenyewe alibaki kwenye orodha ya Marekani ya watu wa kuchunguzwa hadi mwaka 2008, akiwa mzee wa miaka 90 hivi.

Na wajua kwamba Mau Mau nao waliitwa magaidi? Wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwanyonga Wakenya 1,090. Kupatikana na risasi mfukoni lilikuwa kosa la kifo. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru, maana yake serikali zetu wenyewe ziliendelea kuilinda sheria ya mkoloni. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9, fidia na gharama za kesi zikiwa humo, baada ya mafaili yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, kutolewa hadharani. Wengi wa waliopigwa na kuhasiwa katika kambi zile walikuwa wamekwisha kufariki.

Je, wajua kwamba uwanja wa michezo wa Kasarani uliwahi kutangazwa kuwa kituo cha polisi? Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walizolewa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, Nairobi, raia na wakimbizi kwa pamoja. Seli zilipojaa, gazeti rasmi la serikali likautaja uwanja ule.

Hapa tusimame kidogo kwenye kitabu kimoja. Juu ya kaunta ya kila kituo cha polisi Kenya kuna kitabu kikubwa cha matukio, wenyewe wanakiita OB. Kila anayeingizwa seli huandikwa humo: jina, saa, kosa, namba. Ukiwa ndani ya OB, wewe bado ni mtu wa sheria. Saa zako 24 za kufikishwa kortini zimeanza kuhesabiwa. Usipokuwamo, umepotea. Ndiyo maana mama wa Pwani anayemtafuta kijana wake hubeba kikoi safi na hotipoti ya wali, akasimama mbele ya kaunta ile. Askari hupitisha kidole kwenye ukurasa, akainua macho: "Mama, hapa hayupo. Jaribu kituo kingine." Jioni wali umepoa na vituo vimekwisha.

Je, wajua kwamba hata Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya 2012 haikufuta saa hizo 24? Polisi wakihitaji muda zaidi, wanauomba kwa hakimu, mshukiwa akiwepo.

Je, wajua kwamba tarehe 18 Desemba 2014 wabunge wa Kenya walipigana bungeni wakati wa kupitisha sheria mpya za usalama, na naibu spika akamwagiwa maji? Rais alitia saini kesho yake. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vipengele vinane. Kimojawapo kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000, ilhali nchi ilikuwa nao zaidi ya nusu milioni. Kingine kilimtishia mwandishi wa habari kwa kifungo au faini ya shilingi milioni tano. Majaji hao watano walitenda kazi nchi ikiwa bado na kidonda cha shambulio la kigaidi la Westgate, na wanastahili heshima kwa hilo.

Je, wajua kwamba mashirika ya haki za binadamu yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi? Aprili 2015, siku chache baada ya wanafunzi na wengine, jumla watu 148, kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, Haki Africa na MUHURI za Mombasa zilitajwa, akaunti zao za benki zikafungwa. Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona uhusiano wowote na ugaidi, na Novemba mwaka huo ikaamuru akaunti zifunguliwe.

Tanzania je? Huko kosa la ugaidi halina dhamana. Masheikh wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ya Zanzibar walikaa rumande takriban miaka saba, kesi ikitajwa na kuahirishwa kwa maneno ambayo kila mwenye ndugu mahabusu ameyazoea: "upelelezi haujakamilika." Juni 2021 mashtaka yakaondolewa, wakarudi nyumbani. Freeman Mbowe, aliyekuwa kiongozi wa chama cha upinzani cha Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi. Tarehe 4 Machi 2022 mwendesha mashtaka akasema hana nia ya kuendelea. Nasema wazi: upelelezi unapaswa kuja kabla ya mshtakiwa kuingia gerezani.

Je, wajua ni nini kinachomsukuma kijana kujiunga na makundi ya kigaidi? Mwaka 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilitoa utafiti uliowahoji watu waliokuwa ndani ya makundi hayo Afrika. Kati ya waliojiunga kwa hiari yao, asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Rudi kwa yule mama mwenye hotipoti. Pengine ana kijana wa pili nyumbani, anamtazama akirudi mikono mitupu.

Je, wajua kwamba kuachiliwa na mahakama si lazima kukuokoe? Oktoba 2020, katika kesi ya shambulio la Westgate lililoua watu 67, wawili walitiwa hatiani na mmoja akaachiliwa huru. Siku iliyofuata, huyo aliyeachiliwa alitekwa Nairobi na watu wasiojulikana.

La mwisho, na hili lihifadhi kwenye simu yako. Mtu wako akichukuliwa Kenya, uliza namba ya OB, andika saa na namba ya gari. Akikosekana kwenye OB, nenda mahakamani hata kama si ndugu yako: Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya asiyeweza kufika mwenyewe. Mahakama ikibidi hupokea hata ombi lisilofuata fomu rasmi, na kufungua shauri la namna hiyo hakutozwi ada.