Mkemia wa Ngaramtoni na Mgonjwa wa Dongobesh

Tangu matope ya Mlima Hanang yashuke Katesh na Gendabi asubuhi ile ya Jumapili, 3 Desemba 2023, yakaua watu 89, kuna swali ambalo wasomaji hawaachi kuniletea: wale wanasihi waliopelekwa kuwaliwaza wafiwa wako wapi sasa? Tuliwaona kwenye taarifa ya habari. Kisha magari yakageuza, kamera zikahamia msiba mwingine, na watu wa Hanang wakabaki na mlima wao.

Swali hilo huja na la pili, ambalo watu huliandika kama wananong'ona: je, hao walionusurika hawatakuja kujiua? Wengi wao, hapana. Huzuni ya kufiwa si ugonjwa, na mtu mwenye jamaa waliomzunguka, mwenye paa na kazi ya kufanya kesho, kwa kawaida hurudi kusimama polepole. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, idadi ya waliojiua mjini humo haikupanda katika miaka miwili iliyofuata, ilishuka. Na ile desturi ya kumketisha manusura siku ya pili na kumkamua asimulie kila alichokiona, Shirika la Afya Duniani lilishashauri iachwe, maana haizuii maradhi. Mpe maji, blanketi, habari za kweli kuhusu watu wake, na mtu wa kukaa naye. Akitaka kusema, atasema.

Kwa hiyo serikali ikiniuliza (haijaniuliza) ianzie wapi kuzuia watu wa wilaya za Mbulu na Hanang wasijiue, sitaanza na mnasihi. Nitaanza na mkemia. Nitaipeleka Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, inayoamua dawa gani ya shambani iuzwe nchini na ipi isiuzwe.

Najua, mmeshaanza kusema mwandishi kapotea njia. Subirini kidogo.

Sote tumelelewa na dhana kwamba kujiua ni uamuzi: mtu kakaa, kapima, kakata shauri, na "aliyeamua ameamua". Nimeisikia kwa askari, kwa wahubiri, hata kwa madaktari ambao walipaswa kujua zaidi. Hakuna uongo uliotugharimu kama huu. Ikiwa kweli kaamua, basi ukimzibia huku atapitia kule, na hakuna haja ya mtu yeyote kujisumbua.

Utafiti unasema vingine. Maumivu yanaweza kuwa ya miaka, lakini lile wimbi lenyewe, ile hali ya kutoona njia nyingine yoyote, hupanda na kushuka, mara nyingi kwa saa chache, pengine kwa dakika. Manusura waliohojiwa hospitalini Sri Lanka, zaidi ya nusu yao walisema kati ya kuamua na kutenda haikupita nusu saa. Na ndani ya nusu saa hiyo ubongo haupimi kitu. Sehemu ya mbele, ile inayotuwezesha kuiona kesho na kukumbuka kwamba hata mwaka juzi tulidhani tumekwisha, inaachia usukani. Inayoshika ni ile ya hofu na uchungu. Mtu anakuwa kama anayechungulia dunia kwa tundu la bomba. Pombe hufika palepale kwa njia ya mkato, ndiyo maana ugomvi mdogo wa jioni baada ya vibuyu kadhaa vya buura, pombe ya kienyeji, unaweza kuishia pabaya kuliko deni la miaka mitano. Kisha wimbi linashuka, na mtu anashangaa mwenyewe alifikaje pale. Kati ya kila watu 10 walionusurika jaribio la kujiua, takriban 9 hawaji kufa kwa kujiua. Isome sentensi hiyo mara mbili kabla hujaniambia aliyeamua ameamua.

Basi swali la kisayansi si "kwa nini alikata tamaa" pekee. Ni hili pia: katika nusu saa ile, mkono wake ungefikia nini? Na nyumba ya mkulima na mfugaji, iwe Dongobesh au Basotu, ina jibu lake. Kuna dawa ya kuhifadhi mahindi, kuna ya kupulizia maharage, kuna ya kuogeshea ng'ombe. Ni ghali, na wezi wapo, kwa hiyo haiachwi zizini wala shambani. Inalazwa ndani, karibu na wanaolala.

Sri Lanka ilikuwa hivyohivyo, ila vibaya zaidi. Mwaka 1995 ilikuwa miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu zaidi vya kujiua duniani, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa vijijini, kwa sumu za shambani. Tangu mwaka huo walizifuta sokoni, kundi baada ya kundi, zile zilizo kali mno kwa binadamu: 1995, kisha 1998, kisha kati ya 2008 na 2011. Ndani ya miaka 20 kiwango cha watu wanaojiua kilishuka kwa zaidi ya asilimia 70. Watafiti wamekadiria maisha yaliyookolewa kuwa 93,000. Mavuno ya mpunga hayakuporomoka, kama wauzaji walivyokuwa wametishia.

Sasa njoo kwenye jambo lililoninyima usingizi nilipolisoma mara ya kwanza. Idadi ya watu waliokuwa wakifikishwa hospitalini baada ya kunywa sumu haikushuka hivyo. Watu waliendelea kugombana, kudaiwa, kuachwa na kulewa. Wimbi liliendelea kuwapiga. Kilichobadilika ni kwamba kilichokuwa karibu yao sasa kilikuwa na nguvu ndogo. Kiliwapa saa za kufika wodini, na wodini wakapona, wakarudi nyumbani, wakazeeka. Serikali ya Sri Lanka haikupunguza huzuni ya wananchi wake hata kwa kijiko. Ilipunguza makali ya kilichomo kwenye chupa. Waliofanya hivyo walikuwa watumishi wa idara ya kusajili viuatilifu, watu wa mihuri na majalada, ambao kazi yao si kukutana na wagonjwa.

Hapa nikiri kosa langu. Kwa miaka nilihubiri kufuli: kila kaya ipewe sanduku la kufungia dawa za shamba, tatizo litakwisha. Hukohuko Sri Lanka jambo hilo lilipimwa katika vijiji 180, nusu vikapewa masanduku, nusu visipewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti. Ufunguo hubaki mlemle nyumbani, na sanduku lenyewe huchoka. Fungia dawa zako, sikukatazi, hasa kwa ajili ya watoto. Lakini usiruhusu kiongozi yeyote akuambie kwamba hili ni jukumu la kaya. Ni jukumu la yule anayegonga muhuri.

Na mtu akinywa, haraka zahanati au hospitali, pamoja na chupa au karatasi yake ili mganga ajue anapambana na nini. Msimtapishe. Msimpe maziwa. Najua kwa wafugaji maziwa ni baraka na huponya mengi, ila hayaui sumu ya shambani. Yanaweza kuingia mapafuni, na yanakula muda.

Uongo mwingine niupitie harakaharaka. Kwamba anayesema atajiua hafanyi: anafanya, na kusema kwake ndiyo nafasi yako. Kwamba ukimuuliza unampandikiza wazo: humpandikizi, muulize waziwazi, "ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Kwamba kuna makabila yenye damu ya mambo haya: Wahehe wamebebeshwa mzigo huo tangu mtawala wao Mkwawa alipojiua mwaka 1898, na sasa nasikia watu wakitafuta kabila la kuubebesha kaskazini. Kisayansi ni upuuzi. Mwaka 2021 watu takriban 727,000 walijiua duniani, wa kila damu.

Nao waganga wa nguzo za umeme, wenye mabango ya "mikosi, madeni, mapenzi, kukata tamaa, siku tatu", hawa sina subira nao. Mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliyeishi na Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, aliandika mwaka 1999 kwamba wao tangu zamani huamini tiba yenye nguvu hutoka mbali, kwa watu wa kabila jingine, kama Waihanzu wa Singida. Kwa maelezo yake, hiyo ni sababu mojawapo Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955, ilipokewa vizuri namna ile: Mzungu naye alikuwa mganga wa mbali. Matapeli wa leo wameshaijua siri hiyo, ndiyo maana kila mmoja katoka Sumbawanga au Nigeria. Mganga wa kienyeji anayemsikiliza mtu saa nzima sina ugomvi naye, kuna ofisi za serikali zisizofanya hata hivyo. Anayemwambia mgonjwa aache dawa alizopewa hospitali, au anayemfunga mnyororo hadi "pepo litoke", huyo ni wa kushtakiwa.

Mambo mengine serikali ifanye upesi, hayana gharama ya kutisha. Shirika la Afya Duniani lilijaribu katika miji mitano, Chennai na Colombo ikiwemo, kitu ambacho ningependa kukiona Haydom na Katesh mwezi ujao. Mtu aliyejaribu kujiua alikaa na mhudumu saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha akatembelewa au kupigiwa simu mara 9 katika miezi 18. Basi. Kati ya waliofuatiliwa hivyo, asilimia 0.2 walijiua katika kipindi hicho. Kati ya waliopewa huduma ya kawaida, asilimia 2.2. Hii ni kazi ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye simu na pikipiki. Haihitaji daktari bingwa kutoka hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe. Watoto wana namba ya simu ya msaada, 116, bure; ibandikwe shuleni, na kwenye nguzo mahali pa yale mabango ya waganga.

Lakini mtu hawezi kutembelewa mara 9 ikiwa hakuandikwa kabisa, na Tanzania hatumwandiki. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Ndiyo maana familia ikifika mapokezi inasema "alidhani ni soda". Ndiyo maana nyingine hazifiki. Zinakaa nyumbani na jagi la maziwa, zikibishana juu ya fomu ya polisi ya PF3 na kwenda kituoni, wakati zile saa zinayoyoma. Mkemia wa Ngaramtoni aweza kumpa mgonjwa wa Dongobesh saa sita za kuwahi. Sheria inamnyang'anya nne.

Sri Lanka waliifuta yao mwaka 1998. Kenya, 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na Katiba. Na Waingereza waliotuletea kosa hili walilifuta kwao Agosti 1961, miezi minne kabla ya kushusha bendera yao Dar es Salaam.