Jiko la Kiuno na Wanaohesabu Moshi

Kwa nini jiko la makaa lina kiuno? Swali hilo lilinivamia Kamukunji, Nairobi, nilikokwenda kwa shughuli nyingine kabisa: kuuliza habari za kampuni zinazouza krediti za kaboni ng'ambo kupitia majiko ya Wakenya. Kibandani palikuwa na majiko mapya yamepangwa hadi kifuani. Juu mapana, chini mapana, katikati yamebanwa. Nimekula chakula cha jiko hilo tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza.

"Muulize anayesonga ugali," fundi alinijibu bila kuinua kichwa.

Ni mzee wa miaka mingi katika kazi hii, na hana haraka na mwandishi. Alikuwa akikata bati la pipa kuukuu kwa tindo na nyundo, kisha akalikunja juu ya kipande cha reli kilicholazwa chini. Pindo moja likaingia ndani ya jingine, likapigwa, likashikana bila msumari wala kuchomelewa. Akapata umbo kama la faneli. Akatengeneza la pili, akaliunganisha na la kwanza mdomo mwembamba kwa mdomo mwembamba. Kiuno ndicho hicho. Kikombe cha udongo uliochomwa, kilichofinyangwa kwingine na kutobolewa matundu chini, hukaa nusu ya juu tu na kuegemea pale palipobanwa. Kati ya udongo na bati hupakwa simenti iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto kutoroka. Nusu ya chini hubaki tupu: ni ya majivu, na ya hewa inayoingia kwa kilango kidogo.

Sasa ugali. Mzee aliweka sufuria tupu juu ya jiko, akashika mwiko wa kuwazika tu, akasukuma kwa nguvu za mpishi wa familia ya watu wanane. Jiko halikutikisika. Jiko lililozaa hili, akaniambia, lingeanguka.

Mzazi huyo alitoka Thailand. Ni jiko lenye umbo la ndoo, jembamba chini, limejaa udongo kutoka juu hadi chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Umoja wa Mataifa kufanya mkutano wake kuhusu nishati mpya na jadidifu hapa Nairobi mwaka 1981, fedha za msaada kutoka Marekani zilielekezwa katika kutafuta jiko linalokula makaa kidogo. Jiko la bati tupu, ambalo inasemekana lililetwa na vibarua wa reli kutoka India, lilifikishia sufuria asilimia 10 hadi 20 tu ya joto. Wataalamu, akiwemo Mkenya Maxwell Kinyanjui, wakachukua wazo la Thailand na kuliingiza vibandani. Lilikuwa zito, udongo ukapasuka, na mwiko ukalipindua. Kina mama waliopewa walijaribu wakasema wazi lisilowafaa. Mafundi wakarudi kwenye msingi mpana wa jiko la Kihindi, wakaacha udongo juu peke yake. Joto linalofika sufuriani likapanda hadi kati ya asilimia 25 na 40.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990, zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo. Likavuka mipaka: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia, hadi Senegal. Hakuna aliyelifungia haki miliki. Yeyote mwenye nyundo aliliiga, bei ikashuka mwaka hadi mwaka.

Uhuru huo ulikuwa na hasara zake, na mzee hakuzificha. Wapo wanaobana matumizi kwa kuacha vermikulaiti, au kukidondosha kikombe ndani kikacheza. Mnunuzi haoni. Miezi michache udongo umepasuka, amerudi kwenye bati tupu, na analaumu majiko yote ya Kamukunji. "Jina letu linachafuliwa na jirani yangu," alisema, akimtazama huyo jirani, ambaye alicheka.

Nilipomtajia krediti za kaboni ndipo alipoweka nyundo chini. Amezisikia. Anajua kuwa majiko mapya ya kiwandani, kama yanayotengenezwa Ruiru, hupunguziwa bei kwa fedha za wanunuzi wa kaboni wa nje. Anachotaka kujua ni jambo moja: jiko lake nalo limepunguza makaa miaka yote hii, mbona halikuhesabiwa?

Jibu la kitaalamu ni rahisi. Ili moshi usiotoka uuzwe, sharti kila jiko liwe na namba, mnunuzi awe na simu, na mtu arudi kuuliza kama bado analitumia. Mzee humuuzia mpita njia na kumsahau. Lakini hata hesabu za wenye daftari zina walakini. Mnamo Januari 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya majiko wakakuta krediti zilizotolewa katika sampuli yao zimezidi upunguzaji halisi kwa zaidi ya mara tisa. Mmoja wao, Daniel Kammen, ndiye aliyelisifu jiko la kiuno katika jarida la Scientific American mwaka 1995. Kosa walilobaini ni la mbinu za kuhesabu, wala si la majiko yenyewe.

Kenya imetunga kanuni za masoko ya kaboni, za mwaka 2024, zinazodai miradi isiyo ya ardhi itoe kwa jamii asilimia 25 ya mapato baada ya gharama. Jamii ya jiko ni ipi? Mama anayepika? Mtaa mzima? Na aliyekunja bati kabla kampuni hizo hazijazaliwa, je, yumo?

Mzee hadai fidia. Anataka mtu wa kumpimia majiko yake na kumpa muhuri, ili jirani ashindwe kumharibia jina. Hilo halihitaji mwekezaji wa ng'ambo. Wizara ya Mazingira na Kamukunji zimo jiji moja. Wizara na iwaite mafundi hawa kabla haijatia sahihi mkataba mwingine wa kaboni.