Kifundo cha Mguu Kilichoharibika: Kiungo Bandia au Kuunganisha Mifupa?

Mwezi huu tunaeleza juu ya maumivu makali ya kifundo cha mguu, yaani pale muundi unapokutana na wayo. Hapa Utemini familia hutuuliza kama ni kweli kuna kifundo cha chuma, na kama inafaa kuuza ng'ombe au shamba ili mzee akawekewe. Yafaa kujua mambo machache kabla ya kuuza chochote.

Kwa nini kifundo huharibika?

Ncha za mifupa katika kiungo hufunikwa na gegedu, ambalo ni laini na huteleza. Gegedu likilika, mfupa husagana na mfupa. Kiungo huvimba, hukakamaa na kuuma. Katika goti au nyonga jambo hili mara nyingi huja na uzee. Kifundo ni tofauti: kwa wagonjwa walio wengi chanzo ni kuvunjika au kuteguka kwa zamani, hata miaka 20 iliyopita. Wengine huharibiwa na baridi yabisi.

Tuanze na yapi?

Tusikimbilie kisu. Kupunguza uzito, kushika fimbo kwa mkono wa upande wa mguu mzima, na kuvaa viatu vinavyobana kifundo huwasaidia wengi. Dawa za maumivu kama diklofenaki zisimezwe miezi mfululizo bila daktari, kwani huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Upasuaji ni wa namna mbili

Namna ya kwanza ni kuunganisha. Daktari huondoa gegedu lililobaki na kukaza mifupa kwa skrubu mpaka iwe mfupa mmoja. Kifundo hakikunjiki tena, lakini mtu hutembea, maana viungo vingine vya wayo husaidia.

Namna ya pili ni kiungo bandia: vipande viwili vya chuma na plastiki ngumu katikati. Kifundo huendelea kukunjika.

Matokeo yake

Huko Uingereza wagonjwa 303 wenye umri wa miaka 50 hadi 85 waligawanywa kwa kura katika namna hizi mbili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja pande zote mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Waliowekewa kiungo bandia walipata zaidi shida ya vidonda kuchelewa kupona na mishipa ya fahamu kuumia. Waliounganishwa walipata zaidi damu kuganda, na kwa mtu 1 hivi kati ya 8 mifupa haikushikana vema.

Tena, kiungo bandia huchakaa au kulegea. Baada ya miaka 10, kadiri ya 8 kati ya 10 au zaidi bado huwa mahali pake. Vingine huhitaji kupasuliwa tena.

Nani anafaa?

Kijana, au mkulima anayelima na kubeba mizigo, mara nyingi hufaa zaidi kuunganishwa. Kiungo bandia humfaa zaidi mzee wa kazi nyepesi, hasa kama viungo vingine vya wayo navyo vinauma. Mwenye kisukari kisichotulia au usaha katika mfupa yuko katika hatari kubwa. Mvuta sigara aache kwanza, kwani sigara huzuia mifupa kushikana.

Basi, kabla ya kuuza mali, mpelekeni mgonjwa kwa daktari bingwa wa mifupa, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996. Ulizeni: ni upasuaji gani unaomfaa? Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na nauli za kurudi kliniki? Kikilegea, nani atakitengeneza?

Na kwa walio wazima: mtu akianguka na pikipiki au mwambani, kifundo kikavimba asiweze kukikanyagia, msimkande. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo apigwe eksirei. Mfupa ukinyoshwa vema leo, huenda kisu kisihitajike uzeeni.