Nakala Rudufu: Je, Nayo Imo Ndani ya Sheria?

Katika Kisiwa cha Mafia, kama ilivyo kote pwani, hewa ya chumvi hula chuma na unyevu huharibu vyombo vya elektroniki. Kwa hiyo mtunzaji mwangalifu wa kumbukumbu za kompyuta huweka nakala rudufu: moja hubaki Kilindoni, nyingine huvushwa bara. Swali letu ni hili: je, nakala iliyolala kabatini nayo ni taarifa binafsi mbele ya sheria?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yatupa jibu. Kwa mujibu wake, taarifa binafsi ni taarifa zinazomhusu mtu anayetambulika, zilizorekodiwa kwa namna yoyote ile. Aidha, kule kuzihifadhi tu kumehesabiwa kuwa ni kuzichakata. Basi nakala haitoki nje ya sheria ati kwa sababu haifunguliwi kila siku.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi ameandikwa kimakosa kuwa ana kifafa. Wazazi wanalalamika, nayo kumbukumbu inasahihishwa, kwani sheria inawapa haki hiyo. Baada ya miezi mitatu kompyuta inaharibika, na taarifa zinarejeshwa kutoka nakala ya zamani. Kosa limefufuka! Wenzake wanapokwenda kuogelea katika Ghuba ya Chole, yeye anaachwa ufukweni.

Je, tuzitupe nakala zote? La hasha. Sheria hiyohiyo yamtaka mtunzaji azikinge taarifa zisipotee wala kuharibiwa. Ugumu ni kwamba nakala aghalabu hufungwa kwa pamoja, na kuchomoa jina moja humo si kazi nyepesi.

Hata hivyo, njia ipo. Kwanza, kila nakala iwekewe muda wa kuishi, kisha ifutwe. Pili, ifungwe kwa maandishi ya siri. Tatu, liwepo daftari la masahihisho, lililowekwa mbali na nakala, linalotumia namba badala ya majina. Na kila taarifa zinaporejeshwa, daftari hilo lifuatwe kabla ya mtu yeyote kuzitumia.

Walimu wanaweza kuwauliza wanafunzi: matokeo yenu ya mitihani yamehifadhiwa katika nakala ngapi, na likipatikana kosa, nani atalisahihisha katika kila moja?