Kabla ya Kuilaumu Regulata, Sikiliza Injini



Juu ya uwanda wa Makonde maji hayakai. Mvua ikinyesha Newala, udongo wa kichanga huyameza maji, nayo huja kutokeza chini kabisa, kwenye mabonde. Ndiyo maana maji ya kule hupandishwa kwa pampu. Na pampu ikinyamaza, akina mama hushuka na ndoo alfajiri na kupanda nazo kichwani. Nayasema haya ili muelewe kwa nini kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, kilichanga fedha za korosho haraka haraka pale jenereta ya pampu yao ilipoanza kusumbua.

Dalili zilikuwa hizi. Jenereta inawaka vizuri, taa ya kibandani inang'aa, mita inaonyesha volti 230. Lakini pampu ikiwashwa tu, taa inafifia, volti zinashuka, mota inaguna, halafu swichi inajikata. Fundi wa kwanza akasema, "Regulata imekufa." Ikanunuliwa mpya, hali ikawa ile ile. Akasema hiyo mpya nayo ni mbovu. Nilipofika, wazee wa kamati walikuwa wanajiandaa kuchangisha tena.

Regulata ni nini hasa? Jenereta hutoa umeme kwa kuzungusha sumaku katikati ya koili za waya wa shaba. Katika jenereta za aina hii, nguvu ya sumaku hiyo hutokana na umeme kidogo unaorudishwa kutoka kwenye jenereta yenyewe. Regulata ni bawabu wa umeme huo: volti zikishuka huongeza, zikizidi hupunguza.

Lakini bawabu huyu haendeshi injini. Jenereta nyingi za dizeli za kiasi hicho hutakiwa kuzunguka mara 1500 kwa dakika, ili umeme uwe wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mwendo ukishuka mno, regulata nyingi zimeundwa kupunguza volti kwa makusudi, ili koili zisiungue. Kumbe volti kushuka kunaweza kuwa ushahidi kwamba regulata ni nzima!

Fundi mzee aliyeitwa kutoka Masasi hakugusa regulata. Alisimama, akasikiliza mngurumo, kisha akapima. Bila mzigo, mizunguko 51. Pampu ilipowashwa, 43. Akafungua filta ya dizeli; ilikuwa imejaa tope. Akaweka mpya, akatoa hewa kwenye mabomba, na jioni ile maji yakapanda. Bei ya filta ilikuwa ndogo mno mbele ya bei ya regulata ile waliyoinunua bure.

Sasa tuseme mwendo ni sahihi, lakini umeme hautoki kabisa. Hapo pia usikimbilie dukani. Mwaka 1866 Mjerumani Werner Siemens alionyesha kwamba chuma cha jenereta hubaki na sumaku kidogo hata baada ya kuzimwa, na kidogo hicho ndicho huanzisha umeme inapowashwa tena. Jenereta iliyokaa miezi bila kazi huweza kupoteza sumaku hiyo. Fundi huirudisha kwa kuchomoa nyaya za regulata, mashine ikiwa imezimwa, na kugusisha betri ya volti 12 kwenye koili ya kuanzishia kwa sekunde chache, bila kukosea chanya na hasi.

Betri hiyo hiyo hutoa hukumu. Fundi akiiacha imeunganishwa mahali pa regulata na kuendesha injini kwa mwendo wake bila mzigo, apime fezi zote tatu. Zikilingana na kukaribia volti zake za kawaida, jenereta ni nzima. Hapo ndipo regulata na nyaya zake zishukiwe. Zikilingana lakini zikawa chini sana, atazame daiodi zinazozunguka na koili za rota. Zisipolingana, koili kubwa za nje zimeungua, na hapo kazi ni ya msukaji. Na akitaka kupima kama koili zinavujisha umeme, kwa ile mita ya volti kubwa, aitenge regulata kwanza, maana kipimo hicho huiua.

Kazi hii, ndugu zangu, si ya mwenye duka wala ya kijana wake. Umeme wa jenereta unaua kama ule wa nguzo. Lakini kujua utaratibu ni haki ya kila anayelipa.

Ninyi wa mjini msidhani haya ni ya Newala tu. Tangu mgao wa umeme wa mwaka 1992, na tena ule wa 2006, jenereta zimeingia kwenye saluni, mabucha na maduka ya dawa. Basi siku fundi atakapoinamia mashine yako na kutangaza kwamba regulata imekufa, muulize kwa upole: "Fundi, umepima mwendo wa injini?" Asipokuwa na jibu, usitoe fedha.

Kwaherini, hadi juma lijalo.