Ngano Iliyozoeleka kama Njia ya Kufundishia Sarufi ya Awali ya Kiingereza: Mfano wa Nyashya na Baba kwa Madarasa ya Mwanzo ya Kigali

Ikisiri

Tangu tangazo la Desemba 2019, mtoto anayeanza shule ya msingi nchini Rwanda anatarajiwa kufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, ilhali lugha anayotoka nayo nyumbani, kwa walio wengi mno, ni Kinyarwanda. Makala haya yanaeleza jinsi ngano moja ya Kinyarwanda inavyoweza kubeba mafunzo ya vibainishi, viwakilishi nafsi na njeo ya wakati uliopita ya Kiingereza. Hoja yake ni kwamba ngano ambayo mtoto anaijua tayari katika lugha yake inafaa zaidi kuliko ngano ngeni, kwa sababu inamwondolea mzigo wa kufuata kisa na kumwachia nafasi ya kuona umbo la lugha. Mjadala umejengwa juu ya ulinganishi wa Kinyarwanda, Kiswahili na Kiingereza. Hauripoti jaribio la darasani.

1.0 Utangulizi

Sera ya lugha ya kufundishia nchini Rwanda imebadilika mara tatu katika muda wa miaka kumi na moja. Mnamo Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na utekelezaji ukaanza mwaka uliofuata. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirejeshwa katika madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi, Kiingereza kikianzia darasa la nne. Desemba 2019 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba Kiingereza kitaanzia darasa la kwanza. Kati ya matukio hayo, mwaka 2017, Kiswahili nacho kiliongezwa katika orodha ya lugha rasmi za nchi, kikaungana na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Mijadala mingi kuhusu mabadiliko haya imehusu swali la lugha ipi itumike. Swali la namna gani limepata nafasi ndogo, ingawa ndilo linalomkabili mwalimu kila asubuhi. Mtoto wa miaka sita au saba wa Kimisagara au Gisozi ataulizwa hesabu kwa Kiingereza. Asipotambua kwamba “the basket” ni kile kikapu kilichotajwa katika sentensi iliyotangulia, na si kikapu kingine, atakosa hesabu ambayo kwa Kinyarwanda angeijibu bila kufikiri mara mbili. Sarufi ya awali katika mazingira haya si pambo la somo la lugha. Ni sharti la kuyafikia masomo mengine yote.

Njia iliyozoeleka ya kuifundisha ni mazoezi ya kurudia: mwalimu hutamka sentensi, darasa huitikia. Njia hii ina manufaa yake, hasa panapokuwa na watoto wengi na vitabu vichache, na makala haya hayapendekezi iachwe. Kasoro yake ni kwamba sentensi zake hazitegemeani. “This is a pen” haitangulizi wala kufuatisha lolote, kwa hiyo mtoto hapati sababu ya kujua kwa nini hapa ni “a” na pale ni “the”. Sababu hiyo hupatikana pale sentensi moja inapoitegemea nyingine, na kwa mtoto mdogo matini ya namna hiyo aliyoizoea kuliko zote ni ngano.

2.0 Kwa nini ngano hii

Wazo la kufundisha lugha ngeni kwa ngano si jipya. Lakini mara nyingi huja pamoja na ngano zilizotoka mbali: dubu watatu na bakuli zao za uji, binti aliyepoteza kiatu katika jumba la mfalme. Mtoto wa Kigali anayesomewa ngano hizo kwa Kiingereza hubeba mizigo miwili kwa pamoja, kisa asichokijua na lugha asiyoijua. Akikwama, mwalimu hawezi kutambua amekwama wapi.

Nyashya na Baba ni miongoni mwa ngano zinazojulikana sana nchini Rwanda. Msomaji wa Kiswahili aondoe kwanza utata mmoja: Baba katika ngano hii si mzazi, ni jina la mvulana. Kama ngano zote za kusimuliwa, ina matoleo kadhaa, lakini kiini chake ni kimoja. Ndugu wawili waliobaki peke yao wanaishi ndani ya mwamba. Kaka huenda kuwinda, dada hubaki ndani. Kaka akirudi huita kwa maneno maalumu, naye dada humfungulia. Igikoko, yaani dubwana, linayasikia maneno hayo, linakuja kuyaiga, na hatimaye linafanikiwa kumdanganya msichana. Kaka ndiye anayemwokoa.

Kisa hiki kina sifa tatu zinazomfaa mwalimu wa sarufi. Wahusika wake ni watatu tu: wa kike, wa kiume na asiye mtu. Kina kipengele kinachorudiwa, yaani wito wa mlangoni na jibu lake, hivyo miundo ileile ya kuamuru na kuuliza hujitokeza tena na tena bila kuchosha. Tena watoto wengi huwa wamekwisha kukisikia nyumbani. Hoja ya Jim Cummins ya mwaka 1979, kwamba maarifa yaliyojengwa katika lugha ya kwanza huisaidia lugha ya pili, hapa haihitaji maelezo marefu: mtoto anajua nani amefanya nini. Kilichobaki ni kujua Kiingereza hulisemaje jambo hilo.

3.0 Vibainishi: mtoto tayari anajua

Walimu wengi huona vibainishi “a” na “the” kuwa sehemu ngumu kuliko zote, na sababu inayotajwa ni kwamba lugha za Kibantu hazina vibainishi hivyo. Kauli hiyo ni ya kweli kwa umbo. Kwa maana, inapotosha. Irabu tangulizi ya Kinyarwanda, ile *u* ya mwanzo katika *umukobwa*, haifanyi kazi ya “the”, na yeyote anayejaribu kufundisha kwa kulinganisha hivyo viwili atapotea. Lakini msimulizi wa Kinyarwanda ana chombo kingine. Akimtaja msichana kwa mara ya kwanza husema *umukobwa*. Akimrudia, husema *wa mukobwa*: kionyeshi kinatangulia, irabu tangulizi inadondoka, na msikilizaji anaelewa kuwa ni yule aliyekwisha kutajwa. Vivyo hivyo *igikoko* huwa *cya gikoko*, na *urutare*, yaani mwamba, huwa *rwa rutare*.

Kiswahili kinafanya jambo lilelile. Fanani wetu huanza na “palikuwa na mzee mmoja”, kisha huendelea na “yule mzee”. Kionyeshi kinachotangulia nomino hapa hakioneshi kitu kilichosimama mbele ya macho. Kinamrudisha msikilizaji kwenye kilichosemwa. Kwa wasikilizaji wetu wanaopenda historia ya maneno, inafaa kukumbuka kwamba “a” na “an” za Kiingereza zilitokana na neno la kale lenye maana ya “moja”. Kwa hiyo “mzee mmoja” na “an old man” havikutengana sana kama vitabu vya shule vinavyodokeza.

Mwalimu anayelijua hili hafundishi jambo jipya. Analipa jina jipya jambo la zamani. Anaweza kusimulia: “There was a girl. The girl lived in a rock. One day a beast came. The beast heard the boy.” Kila “a” inapotamkwa, watoto wanyooshe kidole kimoja, kila “the” inapotamkwa, wamwoneshe mhusika aliyekwisha kuchorwa ubaoni. Mtoto akisema “a beast” mara ya pili, wenzake wana haki ya kuuliza: limekuja dubwana jingine? Kosa linakuwa la maana, na mtoto mwenyewe anaona kwa nini ni kosa.

Mipaka ya ulinganishi huu iwekwe wazi mapema. *Wa mukobwa* hutumika kwa aliyetajwa, ilhali “the” hutumika pia kwa kitu kinachojulikana kwa kuwa ni kimoja tu, kama jua. Tena majina ya watu hayachukui kibainishi: ni “Nyashya”, kamwe si “the Nyashya”. Matumizi hayo mengine yanaweza kungoja. La kutajwa tena linatosha kwa mwaka wa kwanza.

4.0 Viwakilishi nafsi: Nyashya, Baba na dubwana

Katika Kinyarwanda, kama ilivyo katika Kiswahili, *yagiye* ni “alikwenda” kwa mwanamke na kwa mwanamume. Ndiyo maana “he” na “she” huchanganywa hata na watu wazima waliosoma kwa miaka mingi. Mazoezi ya ubaoni hayaliondoi tatizo hili kwa urahisi, kwani mtoto akikosea katika sentensi inayosimama peke yake hakuna kinachoharibika.

Katika ngano yetu kinaharibika kisa chenyewe. “She stayed in the rock. He went to hunt. It came to the door.” Badilisha “she” kwa “he” na ghafla mvulana ndiye aliyebaki ndani. Watoto watacheka, na kicheko hicho kina thamani kuliko alama nyekundu. Pia ngano inampa mwalimu nafasi ya “it”, ambayo ni nadra kuipata katika mazungumzo ya darasani kuhusu wahusika.

Isidhaniwe kwamba mtoto wa Kinyarwanda hajazoea kuitambua jinsi kwa lugha. Huitambua mahali pengine. Neno *musaza* ni kaka wa mwanamke, na *mushiki* ni dada wa mwanamume. Nyashya ana *musaza*, Baba ana *mushiki*, na kuvibadilisha ni kosa ambalo mtoto mdogo hawezi kulifanya. Mwalimu aanze hapo. Darasa likishakubaliana kwamba mwenye *musaza* ni “she” na mwenye *mushiki* ni “he”, kiwakilishi kimepata pa kushikamana.

5.0 Njeo: kishawishi cha -ka-

Kinyarwanda hutofautisha wakati uliopita wa karibu na wa mbali, tofauti inayobebwa kwa kiasi kikubwa na toni, ambayo maandishi ya kawaida hayaioneshi. Hata hivyo tatizo kubwa zaidi la mtoto anayesimulia kwa Kiingereza liko kwenye desturi ya usimulizi. Fanani huweka wakati mara moja mwanzoni, kwa *kera*, kisha huachilia vitenzi vitembee: *aragenda*, *akagera*, *ati*. Kiswahili nacho kina -ka- yake: akaenda, akafika, akasema. Wakati umekwisha kujulikana, hakuna haja ya kuutaja tena.

Kiingereza sanifu cha usimulizi hudai kila kitenzi kikuu kioneshe wakati wake. Mtoto anayesema “one day he go and he say” hajasahau kanuni. Ameifuata kanuni nzuri ya lugha yake. Mwalimu anayeelewa hivyo atasahihisha kwa namna nyingine: atawaambia watoto kwamba katika Kiingereza “long ago” haitoshi, kila tendo lazima livae vazi la zamani. Na kwa kuwa ngano hurudia matendo yaleyale, vitenzi vichache visivyofuata kanuni, “went”, “came”, “said”, “saw”, “ate”, vitasikika mara nyingi kabla ya mtoto kuambiwa kuwa havifuati kanuni.

Kuna jambo ambalo ngano hii hailifundishi vizuri: kiambishi “s” cha nafsi ya tatu katika wakati uliopo. Njeo ya ngano ni ya zamani, na kuigeuza iwe ya sasa ili “s” ipatikane ni kuiharibu. Hilo lifundishwe kwa shughuli za kila siku za darasa.

6.0 Utekelezaji na sera

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Siku ya kwanza ngano husimuliwa kwa Kinyarwanda, yote, pamoja na viitikio vyake. Siku zinazofuata husimuliwa kwa Kiingereza katika sentensi zisizozidi kumi na tano ambazo hazibadiliki, darasa likiitikia sehemu ya wito. Kisha watoto huigiza, na mwisho husimulia wawili wawili. Kutobadilika kwa sentensi kunamlinda pia mwalimu ambaye Kiingereza chake si imara: halazimiki kubuni, na anachokisema kimekwisha kuhakikiwa.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo yenye utata wa kisera. Katika shule nyingine Kiingereza kuanzia darasa la kwanza kinaweza kufasiriwa kuwa Kinyarwanda kisisikike isipokuwa katika kipindi chake. Kwa maoni yetu tafsiri hiyo inaigharimu sera yenyewe. Dakika arobaini za ngano kwa Kinyarwanda haziibiwi Kiingereza. Ndizo zinazofanya vipindi vinavyofuata vieleweke. Ikiwa Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda itaandika katika mwongozo wa mwalimu sentensi moja inayoruhusu jambo hili waziwazi, mwalimu hatalifanya kwa kujificha.

Malighafi ipo. Shirika la uchapishaji la Bakame, lililoanzishwa Kigali mwaka 1995 na kupewa jina la sungura mjanja wa ngano za Rwanda, limechapisha vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda kwa miongo kadhaa. Mradi wa African Storybook wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini unatoa hadithi katika lugha nyingi za Afrika kwa leseni huria. Kinachokosekana ni matoleo mafupi ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa kuzingatia sarufi, na hiyo ni kazi inayoweza kufanywa na wakufunzi wa vyuo vya ualimu wakishirikiana na wanaisimu. Ngano ngeni nazo zitapata zamu yao. Mbwa mwitu na wanambuzi saba, iliyomo katika mkusanyiko wa ndugu Grimm wa mwaka 1812, nayo ina adui anayeiga sauti mlangoni. Mtoto aliyeijua Nyashya na Baba ataitambua mara moja.

Kuhusu upimaji, tunapendekeza mtoto apimwe kwa kusimulia badala ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mpimaji asiyeijua ngano amsikilize, kisha aulizwe maswali matatu: nani alibaki, nani alikwenda, nani alikuja mlangoni? Akiweza kujibu kwa kumsikiliza mtoto tu, vibainishi na viwakilishi vya mtoto huyo vinafanya kazi. Kipimo hichohicho kinaweza kutumiwa na walimu wa Kiswahili nchini Rwanda, ambao wanafunzi wao hupambana na “yule” na “huyu” huku *wa* na *uyu* vikiwa tayari vinywani mwao.