Maji ya Kisima Yakiingia Bwawani

Mwenye hoteli ya Paje au Diani akijaza bwawa la kuogelea kwa maji ya kisima, jioni ya kwanza hufurahi. Maji yanang'aa, vigae vya chini vinahesabika. Kesho yake, klorini ikishatiwa, maji yale yale yamekuwa meupe kama tui la nazi. Lawama inaangukia klorini: imechakachuliwa, imepitwa na muda. Mara nyingi klorini inasingiziwa, kwani chanzo kiko chini ya ardhi.

Sehemu kubwa ya mwambao wetu, na upande wa mashariki wa Unguja hasa, imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, ambayo ni kalisi kabonati, yaani chokaa. Maji ya mvua yanapozama ardhini hupita kwenye udongo ambamo mizizi na vijidudu vinapumua. Huko huchukua gesi ya kabonidayoksaidi na kugeuka tindikali dhaifu, nayo inaliyeyusha jiwe kidogo kidogo. Ndiyo maana maji ya kisima hufika juu yamesheheni kalisi na bikabonati, sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko. Gesi iliyobaki ndani ya maji ndiyo inayozuia madini hayo yasigande.

Bwawani gesi hiyo inapata pa kutokea. Pampu inazungusha maji, watoto wanarukaruka, gesi inapotea hewani, na pH iliyokuwa karibu na 7 inapanda hadi 8 au zaidi. Kalisi inarudi kuwa chokaa. Mtu akiongeza hapo klorini ya unga aina ya kalisi hipokloriti, ambayo ni alkali kali na ina kalisi yake yenyewe, tui limekamilika.

Weupe huo unaudhi macho. Hatari zaidi ni kwamba klorini inapoteza makali. Ikiingia majini huwa ya sura mbili: tindikali ya hipoklorasi, inayoua vijidudu haraka, na hipokloriti, iliyo dhaifu mno. pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika sura ile kali. Ikifika 7.5 ni nusu, na ikifika 8 imebaki robo hivi. Fundi anayemwaga klorini maradufu kwenye maji ya pH 8 anachoma fedha za tajiri wake.

Basi kipimo kitangulie. Kifaa cha matone kitakuonyesha pH, ambayo inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8. Kitakuonyesha pia ualkali, yaani uwezo wa maji kukataa kubadilishwa pH, ambao kwa kawaida unatakiwa uwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita, na ugumu wa kalisi, 200 hadi 400. Kwenye maji ya matumbawe ualkali ndio mkaidi. Ukishusha pH peke yake leo, kesho imepanda tena. Chukua bwawa la mita za ujazo 50 lenye ualkali wa 280. Kuufikisha 100 kunahitaji karibu lita 18 za tindikali ya hidrokloriki ya asilimia 32. Tindikali hiyo isimwagwe kwa mkupuo. Igawanywe kwa siku kadhaa, pampu ikizunguka, na kila mara upime upya. Tindikali ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali. Wala isikutane na klorini kwenye ndoo moja, kwa sababu gesi inayotoka hapo inaua.

Klorini ifuate baadaye, kidogo kidogo, hasa kama kisima kina madini ya chuma. Chuma kilichoyeyuka hakionekani, lakini klorini hukigeuza kutu papo hapo, maji yakawa rangi ya chai na kuta zikashika madoa. Dawa rahisi ni kuyapitisha maji kwanza kwenye tangi la wazi yapigwe na hewa, kutu itulie chini. Na kisima cha jirani na bahari, kikivutwa kupita kiasi, huleta chumvi inayotafuna ngazi za chuma. Hicho kivutwe kwa kiasi, kwani na wanakijiji wanakitegemea.

Ugumu nao una tabia ya kulimbikizana. Jua hunyanyua maji matupu na kuyaacha madini. Tuchukulie bwawa la kina cha mita 1.5 linapoteza milimita 5 kwa siku: ndani ya siku 300 maji ya bwawa zima yamekwenda hewani, nawe umeyafidia kwa kisima. Ulianza na ugumu wa 300, sasa unakaribia 600. Tindikali haiuondoi; unapungua kwa kutoa sehemu ya maji na kuingiza yaliyo laini.

Maji laini yanadondoka bure kila masika. Maji ya mvua hayana kalisi ya kutajika, na yakichanganywa nusu kwa nusu na ya kisima, ugumu unashuka kwa nusu. Anayejenga bwawa mwambao aweke mifereji ya paa na tangi tangu siku ya msingi: mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 200 ni lita 10,000.